Kaka yangu si mkaidi

Kaka yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Watu wanajua habari za sauti anazosikia, ila wachache wanajua kwamba hata maongezi ya kawaida humchosha. Juzi shangazi alimwambia, "Haraka haraka haina baraka," naye akajibu, "Lakini shangazi, mimi nimekaa tu." Hakuwa na dharau hata kidogo. Ugonjwa huu unaweza kumfanya mtu ashike maneno kama yalivyo, mafumbo na utani vikampita. Sentensi ndefu nazo zinamsumbua: ukifika mwisho, mwanzo umeshamtoka, maana kumbukumbu ya muda mfupi huathirika. Dawa zimemtulizia zile sauti, hili bado lipo. Nyumbani tunazima redio, tunamwambia jambo moja moja, tunamsubiri ajibu. Jamani, msimwite mkaidi. Inaniuma sana.