Kumbukumbu ya mradi: Carden-Loyd ya kadibodi na ndala

Wiki ya 1

Mwanzoni nilitaka kujenga mfano wa kifaru cha Kiingereza kiitwacho Independent, lile dude la kampuni ya Vickers la 1926 lenye vichwa vitano vinavyozunguka: kimoja cha mzinga katikati, vinne vya bombomu vimekizingira. Nilichora siku nne, nikahesabu vipande, nikaona nitazeekea mezani. Waingereza wenyewe walitengeneza moja tu, na hilo moja leo liko makumbusho ya vifaru ya Bovington, hukohuko Uingereza. Nikageukia upande wa pili kabisa: Carden-Loyd Mk VI, kigari cha deraya cha watu wawili, chenye uzito wa tani moja na nusu hivi, ambacho kimo chake hakimfiki mtu mzima mabegani.

Najenga kwa kipimo cha moja kwa kumi. Mchoro una vipimo vya kizamani: urefu futi 8 na inchi 1, upana futi 5 na inchi 9, kimo futi 4. Nikapiga hesabu, nikakata mihimili inayoshika cheni za pande zote mbili. Nilipoilaza juu ya mchoro, upande wa kulia ukatoka nje ya mstari kwa milimita 5. Nikaisingizia rula. Baadaye ndipo nikaona kwenye daftari: zile inchi 9 nimeziandika kama pointi 9, yaani futi 5.9. Kumbe futi ina inchi 12, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Boksi la friji nililopewa na jirani likawa limeliwa nusu.

Wiki ya 2

Sikukata kitu. Nilisoma tu.

Ukoo wa hiki kigari unaanzia nyumbani kwa mtu. Mwaka 1925 ofisa wa jeshi la Uingereza, Giffard Martel, alijiundia kifaru cha mtu mmoja kwenye banda la gari lake, bodi ya juu ikiwa ya mbao. Wakati huo hela hakuna: tangu 1919 serikali ilikuwa imeyaambia majeshi yapange bajeti kana kwamba hakuna vita kubwa itakayotokea ndani ya miaka 10. Kitu kidogo cha bei nafuu kikawavutia wakubwa. Kampuni ya Morris ikaunda vya majaribio, na pembeni John Carden na Vivian Loyd nao wakawa wanaunda vyao.

Kasoro ya mtu mmoja ilijulikana mapema. Huwezi kushika usukani na bombomu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wakaongeza kiti cha pili, na 1928 Vickers wakainunua kampuni ya Carden na Loyd nzima nzima. Nami nimejifariji: kama Martel alianzia bandani kwa mbao, mimi kuanzia barazani kwa boksi si vibaya.

Wiki ya 3

Magurudumu. Kila upande una manne madogo, yamefungwa mawili mawili kwa springi za bapa, kama zile za lori ila fupi. Springi nimezikata kwenye kopo la maziwa, kwa mkasi mbovu, na kidole gumba kinashuhudia. Mipira ya magurudumu ni ndala kuukuu: natoboa kwa bomba la antena ya redio lililonolewa mdomo, linatoka duara safi. Nyeusi zimeniishia, mawili ni ya bluu. Rangi itaficha.

Mpwa wangu alisimama akaangalia muda mrefu. "Mjomba, hili katapila lako kijiko chake kiko wapi?" Nikamwambia si katapila. Hakuridhika.

Kwa kuwa kigari hakina paa, injini lazima niijenge, itaonekana. Ni ya gari la Ford T, silinda 4, na imekaa katikati ya wale wawili, kwa hiyo kila mmoja anaungua ubavu mmoja. Kwa baridi ya Uingereza labda ilikuwa neema.

Wiki ya 4

Nimekata tundu la bombomu pana mno, nikalibandika upya. Silaha ya hiki kitu inalenga mbele, inageuka kidogo tu kulia na kushoto, na hilo si jambo dogo. Waitaliano walinunua Carden-Loyd, wakatoa humo CV-33 yao, wakaipeleka Ethiopia. Desemba 1935, kwenye njia ya mlima ya Dembeguina, askari wa Ras Imru, kamanda wa Ethiopia, walivifuata vile vigari kwa nyuma na ubavuni, ambako bombomu haifiki, wakaviteka na kuviharibu. Kila nikitazama lile tundu langu la sentimita moja na nusu naiona ile njia.

Waingereza waliushika uzao mwingine. Walikuja kuacha kukiita kifaru, wakakifanya kibebeo cha askari na silaha zao, na Universal Carrier, kitukuu chake, ilitengenezwa zaidi ya 100,000. Independent, na vichwa vyake vyote vitano, haikupata hata mdogo wake.

Wiki ya 5

Mvua siku tatu mfululizo. Bamba la nyuma limevuta unyevu, likajikunja kama papadamu. Nimelinyoosha chini ya pasi isiyo na moto na matofali mawili, kisha vanishi pande zote, jambo ambalo ningelifanya kabla ya gundi kama ningekuwa na subira.

Ribiti ni matone ya gundi nyeupe kwa ncha ya sindano. Ukikosea unafuta kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka. Upande mmoja una safu nzuri; mwingine, niliouanza umeme ulipokatika, una mlevi katikati ya safu.

Cheni ni ukanda wa tyubu ya baiskeli uliobandikwa vipande vya kadibodi, kimoja kimoja. Juu hakuna viringo vya kuirudisha, inateleza kwenye reli, hivyo nimeokoa kazi ya wiki nzima. Ya kulia imekamilika, inazunguka nikiisukuma spoketi kwa kidole. Ya kushoto nimefika kipande cha 64 kati ya 110. Supa glue imeisha, na duka linafunguliwa saa mbili.