Mbwa mwenye nyumba, Clyde mpangaji: habari za uwanja wa Shawfield

Bandani Malindi, wakirusha mechi ya zamani ya Chelsea kupisha muda, hakosi mtu wa kuuliza: mbona nyuma ya goli pana jangwa? Mashabiki wako mbali utadhani wamekaa Watamu. Ni njia ya mbio hiyo, ya wanariadha kwanza, kisha ya mbwa. Stamford Bridge ilikuwa na mbio za grehaundi, wale mbwa wembamba wa kiuno, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1968. Mbwa walipoondoka, umbo la yai likabaki.

Ila anayetaka kuijua habari hii vizuri aiache London aende Rutherglen, mji mdogo uliopakana na Glasgow, Scotland. Hapo ndipo ulipo uwanja wa Shawfield. Timu ya Clyde ilihamia hapo mwaka 1898, na mwaka 1908 watu 52,000 waliingia kuitazama ikicheza na Rangers. Deni halijali umati, lakini. Mwaka 1932 Clyde wakawakaribisha mbwa ili wapate kodi. Mwaka 1935 kampuni ya mbwa ikaununua uwanja wenyewe. Mgeni kawa mwenye nyumba, mwenye nyumba kawa mpangaji. Timu hiyohiyo ilichukua Kombe la Scotland mwaka 1939, 1955 na 1958 ikiwa inalipia pa kuchezea.

Sasa tupige hesabu, maana jangwa la nyuma ya goli limo humo. Chukua uwanja wa mita 100 kwa 64. Uzungushie njia ya mbwa yenye pande mbili zilizonyooka na ncha mbili za nusu duara, upana wa ndani mita 70. Ili pembe nne za kona zisiingie njiani, kila upande ulionyooka unataka kama mita 72. Hapo kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa njia unapata mita 21. Ongeza upana wa njia, tuseme mita 6, na shabiki wa kwanza yuko mita 27 kutoka kwa kipa. Kubana zaidi huwezi: kona ya mbwa ikiwa kali, mbwa wanavunjika.

Na wanavunjika kweli. Wanazunguka kinyume cha saa, sita kwa mpigo, wakimfukuza sungura wa bandia anayekwenda kwa umeme kwenye reli. Mita 480 zinakwisha chini ya sekunde 30. Kwenye kona, uzito unaangukia mguu wa nyuma wa kulia, na mfupa wa kifundo chake ndio unaojulikana kwa kupasuka. Ndiyo maana ukingo wa nje wa kona huinuliwa kidogo. Zamani walikimbia kwenye nyasi. Mchanga ulienea baadaye, nao una kazi yake. Ukikauka hauna mshiko, ukilowa kupita kiasi unateleza, kwa hiyo hunyunyiziwa maji na kusawazishwa kila mara. Wakati wa baridi hutiwa chumvi usigande. Fundi wa Malindi anaukataa mchanga wa ufuoni kwa sababu chumvi inakula nondo. Kule chumvi wanainunua!

Pesa zilitoka wapi? Kamari. Kabla ya 1961 Mwingereza wa kawaida hakuruhusiwa kuweka dau la pesa taslimu nje ya uwanja wa mbio, hivyo ilibidi aende mwenyewe, alipe mlangoni, anywe, acheze. Nguvu ya mwenye mbwa ilionekana Julai 1966: mechi ya Kombe la Dunia kati ya Uruguay na Ufaransa ilipelekwa White City, uwanja mwingine wa London, kwa sababu Wembley hawakukubali kuahirisha mbio za mbwa za usiku wa Ijumaa. Uruguay wakashinda 2-1.

Maduka ya kamari yalipofunguliwa mwaka 1961, safari ya uwanjani ikakosa maana. Kijana anayetengeneza mkeka kwa simu pale sokoni Malindi anaelewa bila kuelezwa. Viwanja vikabaki na thamani moja tu, ardhi. Clyde walitolewa Shawfield mwaka 1986, wakahamia uwanja wa Firhill, kisha Hamilton, mpaka walipofika Broadwood, Cumbernauld, mwaka 1994. Mbwa waliendelea na mbio zao Shawfield hadi Machi 2020, korona ikaingia, na hawakurudi.

Kusini mwa London mambo yakaenda kinyume. Uwanja wa mbwa wa Wimbledon, barabara ya Plough Lane, ulifungwa mwaka 2017 na kubomolewa, na Novemba 2020 timu ya soka ya AFC Wimbledon ikaanza kucheza palepale. Safari hii hakuna njia ya mbwa, na nyuma ya goli shabiki anasikia kipa akigombeza mabeki wake.