Kwa nini milimita 35 ndiyo lenzi yangu ya kila siku

"Na dele langu liko wapi, mwanangu?"

Hilo ndilo swali la mzee muuza kahawa nilipompelekea picha yake. Uso ulitoka vizuri mno, kila kunyanzi linaonekana, lakini dele halikuwamo, wala mkono uliokuwa ukimimina. Nilikuwa nimempiga kwa lenzi ya milimita 50, ile ambayo kila mtu huiita ya kawaida.

Kamera yangu ni Bessa R ya filamu, renjifainda (kamera unayotazamia kwa kidirisha cha pembeni) ya Kijapani iliyotoka mwaka 2000. Mdomo wake, pale lenzi inapofungwa, ni wa skrubu ya milimita 39, sawa na Leica za zamani, kwa hiyo inapokea lenzi chungu nzima, za Kijapani na za Kisovieti, hadi uchaguzi unakuchosha. Mimi nataka lenzi moja tu, isiyotoka kwenye kamera. Si mtu wa kubeba mkoba.

Huku kwetu Mji wa Kale, Mombasa, humpigi mtu picha ukiwa umesimama njiani kama mpita njia. Unaamkia, unakaa barazani, unakunywa finjani moja au mbili, ndipo unaomba. Ukishakaa, baina yako naye ni mita moja, labda na kidogo. Kwa umbali huo, lenzi ya 50 inashika upana wa sentimita 70 hivi. Ya 35 inashika mita nzima: uso, dele, mkono, na kipande cha mlango wa nakshi nyuma yake. Na kurudi nyuma hakuna, maana mgongo wako tayari uko kwenye ukuta wa jirani.

Uzuri wa renjifainda ni kwamba dirisha lake halipiti kwenye lenzi. Fremu ni mistari tu, na kwenye Bessa R unaichagua kwa kijiti kilicho juu ya kamera. Basi kabla ya kutoa pesa nilitembea wiki nzima bila mkanda wa filamu, kijiti kikiwa kwenye 35, nikitazama tu. Siku ya tatu niliacha kuikumbuka 50. Mimi huvaa miwani, na kuiona mistari ya 35 yote kwa pamoja ni kazi. Lazima jicho lisogee kidogo kila upande. Nimekubali.

Watoto wanaokimbia vichochoroni ndio walionimalizia shaka. Hakuna nafasi ya kusubiri taswira mbili za dirishani zikutane, maana ndivyo renjifainda inavyolengwa. Ukiweka f/8, yaani tundu dogo la kupitishia nuru, na kulenga mita 3, lenzi ya 35 inakupa ukali kuanzia kama mita 2 hadi 7. Ya 50, kwa mpangilio uleule, ni kuanzia 2.3 hadi 4.2 tu, mtoto akipiga hatua mbili ameshatoka.

Nimenunua 35 ya f/2.5, ndogo, haizibi dirisha. Ile 50 sijaiuza. Ina f/2, tundu pana linalopitisha nuru zaidi, na jioni, taa ya sebuleni ikiwa ndiyo nuru pekee, sina nyingine ya kumpigia mama yangu akisuka ukili. Yeye hajali kama mkeka umo pichani au haumo.

Kesho narudi kwa mzee na mkanda mpya wa picha 36. Nimemwambia asiliondoe dele jikoni mpaka nifike.