Mafua ya Siku Mbili, Kifua cha Wiki Sita

Nimeishi na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule unaofupishwa COPD, kwa miaka 9 sasa, na katika miaka 3 ya mwanzo nilidhani mafua yangu ni sawa na ya mtu mwingine yeyote. Wenzangu nyumbani walipenga kamasi siku mbili tatu, kisha wakaendelea na kazi zao. Mimi kamasi zilikauka, lakini siku ya nne kifua kilibana, kohozi likawa zito na la kijani, na usiku nililala nimeketi, nimeegemea mito. Mara ya pili nililazwa siku 6, na nguvu hazikunirudia hadi wiki ya sita.

Wodini ndipo daktari aliponieleza kwamba njia zangu za hewa tayari ni nyembamba na zimevimba kwa ndani, na vinyweleo vinavyosukuma kohozi kupanda juu vimeharibiwa na sigara nilizovuta kwa miaka mingi. Kirusi kikiingia, hata kile cha mafua ya kawaida, uvimbe huongezeka, ute hujaa, na hewa niliyovuta hunaswa ndani isitoke yote, nao bakteria hupata mahali pa kuzaliana. Alisema pia, na neno hili ndilo lililonizindua, kwamba shambulio likipita mapafu huenda yasirudi pale yalipokuwa.

Tangu hapo nina daftari. Kila asubuhi naandika rangi na wingi wa kohozi, kama nimepanda ngazi bila kusimama njiani, na kiwango cha oksijeni katika damu kinachosomwa na kifaa cha kubana kidoleni. Kidole nakipasha joto kwanza, kwa sababu kikiwa baridi kifaa hudanganya. Kawaida yangu ni asilimia 92 au 93. Mwenye mapafu mazima angeshtuka kuiona namba hiyo, ila kwangu cha kuogopa ni kushuka kutoka hapo. Ndani ya jalada nimebandika karatasi aliyoniandikia daktari, inayoonyesha lini niongeze mipulizo ya salbutamol, dawa ya kutanua njia za hewa, lini nianze vidonge vya kupunguza uvimbe, prednisoloni, vya siku 5 alivyonipa niviweke, na lini nisisubiri kitu bali niende hospitali: nikishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikigeuka rangi, au nikianza kuchanganyikiwa. Antibiotiki sijipangii mwenyewe, kwa kuwa haziui virusi.

Chanjo ya homa ya mafua, yaani influenza, nachoma kila mwaka, nimechoma pia za UVIKO-19 na nimonia, na ile ya RSV, kirusi kingine cha njia za hewa, ambayo kwa wazee ilianza kuidhinishwa mwaka 2023. Hata hivyo, mafua ya kawaida hayana chanjo, kwa hiyo lililobaki ni kunawa mikono, kuvaa barakoa penye msongamano na kufungua madirisha, na lililo gumu kuliko yote, kuwaomba ninaowapenda wasinikaribie wanapougua. Niliona aibu sana kulisema. Siku moja mjukuu wangu wa miaka 5 alisimama mlangoni, mkono mmoja ukishika fremu, akauliza, "Babu, kamasi zangu bado kidogo, niingie?" Nilimwambia tuongee hapo hapo, akakaa kizingitini akanisimulia habari za shule mpaka akachoka.

Mwaka huu mafua yalinipata vilevile. Siku ya pili oksijeni ilisoma 90 na ngazi zikanishinda katikati. Nikampigia daktari asubuhi hiyo hiyo, nikaanza vidonge, nikatumia kipulizio kwa kukiunganisha na chupa yake ili dawa isiishie kooni, na nikatoa pumzi polepole kwa midomo iliyokunjwa kama anayepuliza mshumaa. Siku ya kumi na moja daftari lilisoma 92, na sikulala hospitali hata usiku mmoja.