Ndege ya Majini ya ATC, Lindi 1985: Nilivyoijenga kwa Maboksi Mawili ya Zamani

Nianze na ushauri ulioniudhi. Jamaa mmoja wa Dar es Salaam, ambaye naye anajenga ndege za plastiki, nilimtumia picha ya maboksi yangu mawili ya Airfix, yale ya vipande vya plastiki vya kuunganisha modeli. Akajibu: "Kaka, hayo tupa. Plastiki imezeeka, stika zimekuwa njano, vipande vingine havipo. Agiza mpya." Nilipomweleza ninachotaka kujenga, yaani ndege ya majini ambayo ATC, shirika letu la ndege, lingekuwa nayo Lindi mwaka 1985, akaongeza: "Si ndege ambayo haikuwahi kuwepo? Basi weka chochote, nani atajua?"

Nitajua mimi. Ndege iliyokuwepo unaijenga kwa kufuata picha. Isiyokuwepo haina picha, kwa hiyo kila unachokibadilisha lazima kiwe na jibu: nani aliamua hivi, mwaka gani, kwa shida gani? Ukikosa majibu hayo, umepaka rangi tu.

Maboksi niliyapata Shangani, Mtwara, kwa mgeni aliyekuwa anauza vyombo ahame. Nililipa kama elfu arobaini hivi, pamoja na feni mbovu. Boksi la kwanza lilikuwa Short Sunderland, ndege kubwa ya majini ya Waingereza wakati wa vita, kwa kipimo cha 1 kwa 72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Airfix waliitoa mara ya kwanza mwaka 1959, na mwenye boksi alikuwa ameshaianza akaishia njiani, gundi imemwagika kila mahali. La pili lilikuwa Fokker F27 Friendship ya kipimo hichohicho, halina mkia wala bawa moja, ila injini zake mbili zilikuwa kamili.

Watu wengi wa rika langu hapa Lindi hawajui kwamba ndege za majini zilikuwa zinatua kwetu. Kuanzia mwaka 1937 ndege za Imperial Airways za kwenda Durban zilipita Khartoum, Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam, zikatua Lindi, ndipo zikaendelea Msumbiji. Baada ya vita viwanja vya nchi kavu vikawa vingi, ndege hizo zikapotea. Lakini hazikupotea kote. Kule Australia, kampuni ya Ansett iliendelea kubeba abiria kwenda kisiwa cha Lord Howe hadi mwaka 1974, kwa Sunderland zilizoondolewa bunduki na kuwekwa viti. Aina hiyo ya kiraia iliitwa Sandringham.

Mwaka 1974 umebakiza mitatu tu kufika 1977, mwaka ambao East African Airways ilivunjika na ATC yetu ikazaliwa. Na barabara ya kusini ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Masika ikishika, basi linalala njiani, na abiria hawajui watafika lini. Sasa tuseme ATC wangechukua Sandringham mbili za mtumba zifanye njia ya Dar es Salaam, Mafia, Kilwa na Lindi, mpaka daraja lifunguliwe zistaafu. Nimeshaulizwa habari za kiwanja cha Kikwetu. Kikwetu kipo, lakini kipo nje ya mji. Ndege ya majini inakushusha mjini penyewe, na uwanja wake hauoti matope.

Jibu la injini lilikuwa ndani ya boksi la pili. ATC walikuwa na Fokker F27, nazo zinatumia injini za Rolls-Royce Dart. Fundi gani mwenye akili angehangaika na injini za kizamani zenye mitungi ya kupoozwa kwa hewa, wakati stoo yake ina spea za Dart? Angeng'oa za kizamani afunge Dart. Basi nami nikang'oa.

Mabawa yaliyogandishwa vibaya niliyaachanisha kwa friza. Mke wangu anauza barafu, nikaviweka vipande kwenye mfuko katikati ya barafu zake usiku kucha. Gundi ya zamani ikipata baridi kali inakuwa kavu, ukikunja kidogo inaachia kwa mlio. Usitumie kisu kwanza.

Pua na mkia wa Sunderland vina vibanda vya bunduki. ATC hawana vita na mtu, vibanda vitoke. Tatizo ni pengo linalobaki, kubwa na la mviringo, na ukilijaza puti tupu litapasuka. Mimi nilitumia kijiko cha plastiki cha kulia pilau shughulini. Tumbo la kijiko lina mzingo uleule wa pua ya Sandringham, ukikata sawasawa. Lakini si kila kijiko. Kitumbukize kwenye maji: kikielea, mpe mtoto achezee, hakishiki gundi. Kikizama, na ukikivunja kinakatika kwa kishindo badala ya kupinda, hicho ni polistirini, plastiki ileile ya Airfix. Vijiko vya shughuli moja vinaweza kuwa vya aina zote mbili, kwa hiyo pima kimoja kimoja.

Mianya iliyobaki niliijaza kwa uji wa plastiki yenyewe. Kata vijiti vya fremu vilivyokuwa vimeshika vipande, vile vilivyobaki boksini, viloweke kwenye asetoni ndani ya kichupa cha rangi ya kucha, kesho yake una uji unaopakwa kwa brashi. Unaposinyaa unaongeza. Subiri ukauke kabisa ndipo upige msasa, hata kama mkono unawasha.

Injini ndizo zilizonipa raha kuliko kazi nyingine yote. Fokker ina injini mbili, mimi nilitaka nne. Aliyenishauri nifunge mbili alikuwa na hesabu nzuri: Pegasus, injini ya Sunderland, ilitoa nguvu za farasi 1,000 na ushei, Dart inakaribia mara mbili yake. Lakini ndege iko kati ya Mafia na Kilwa, mvua inanyesha, injini moja imezimika. Unataka ibaki na nusu ya nguvu? Ziwe nne.

Mbili zilizopungua ilibidi nizisubu mwenyewe. Mpira maalumu wa kutengenezea kalibu unaagizwa nje kwa bei ya kukatisha tamaa. Sasa mimi ni fundi simu, na jirani na meza yangu kuna vijana wa madirisha ya aluminiamu ambao kila jioni wanatupa mirija ya silikoni yenye robo ndani. Silikoni hiyo ukiiweka nene inaganda juu tu, ndani inabaki mbichi siku nyingi, kwa sababu inaivishwa na unyevu wa hewa na hewa haifiki ndani. Dawa yake ni wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa dukani. Wanga una unyevu wake. Ukiukanda na silikoni, unaupeleka unyevu hadi katikati ya donge. Nilikadiria nusu kwa nusu, nikakanda kwa glavu zilizolowa maji ya sabuni mpaka likaacha kunata. Linatoa harufu kali ya siki, kaa nje.

Kava la injini nililipaka Vaseline, nikalizamisha nusu kwenye donge la kwanza, nikaweka vishimo viwili pembeni ili nusu ya pili ijue pa kukaa. Lilipokauka nikapaka Vaseline tena juu ya silikoni yenyewe, maana silikoni haishiki kitu kama inavyoshika silikoni mwenzake, ndipo nikaweka donge la pili. Jioni nilizifungua nusu mbili. Kila mstari wa kiwanda, hata tundu la moshi pembeni, ulikuwa umechapwa ndani. Nilimwita kijana wa aluminiamu aje aone takataka zake zimekuwa nini.

Rezini ya kumimina kwenye kalibu, na hadina ya kuigandisha, nilizipata kwa fundi wa boti za faiba.

"Hadina kiasi gani, mzee wangu?"

"Kwa joto hili, mwanangu, matone tu. Ukifuata kipimo cha kwenye kopo itachemka ipasuke."

Huo ndio ushauri bora niliopewa katika kazi nzima, na aliyenipa hajawahi kugusa modeli. Kuna mwingine aliyesema nisihangaike na kalibu, nimimine rezini moja kwa moja juu ya bawa nichonge. Kabla ya kumsikiliza nilidondosha tone kwenye kijiti cha fremu. Kikalainika, kikawa kinavutika. Rezini ya faiba ina stirini, na stirini inayeyusha polistirini. Angeniyeyushia bawa zima. Ndiyo maana vipande vilivyosubiwa nilivianika juani mpaka harufu ikaisha kabisa, ndipo nikavibandika kwa supagluu. Puti ya magari nayo ina stirini hiyohiyo, kwa hiyo paka nyembamba, ikauke, urudie.

Yalibaki mapanga, yale yanayozunguka mbele ya injini. Dart inatumia panga la mabapa manne, na Fokker ilinipa mapanga mawili tu. Fundi simu hakosi kadi za plastiki zinazobaki laini ya simu ikishatolewa. Droo yangu imejaa. Nilikata mabapa yaliyobaki humo kwa mkasi, kila moja kama sentimita mbili na nusu, nikayapasha kwa bloa kidogo ili yapinde mzingo, nikayanyoosha kingo kwa msasa. Ukiyaweka karibu na ya kiwanda huyatofautishi.

Madirisha ya abiria ni matundu niliyotoboa, kila moja nikalijaza gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa kioo.

Vile vichunusi vya ribiti ambavyo Airfix wa zamani walivijaza mwili mzima nilivisaga vyote kwa msasa wa maji. Kwa ukubwa wa kweli kila kimoja kingekuwa kikubwa kuliko kichwa cha msumari wa paa.

Rangi ni ya kopo la wapaka magari. Thina yake ni kali, kwa hiyo mikono ya kwanza ni ukungu mwembamba kutoka mbali, si kulowesha. Na msipulize jioni, nyie wa pwani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inavyoruka inapoza rangi, maji ya hewa yanaganda juu yake, unapata weupe wa maziwa usiofutika. Wakati wa kusi, saa nne au saa tano asubuhi, rangi inakaa safi. Juu nimeweka nyeupe kwa sababu ya jua, chini rangi ya fedha, na kwenye mstari wa maji michirizi ya chumvi na kutu, maana ndege inayolala baharini masika nzima haiwezi kung'aa.

Mkiani yupo twiga wa ATC. Nilichapisha mchoro steshenari, nikaubandika juu ya tepu ya karatasi, nikamkata kwa kisu cha upasuaji chini ya lenzi ya kazini. Shingo yake ilinitoa jasho. Ubavuni nimeandika namba ya usajili, 5H-LDI: 5H ya Tanzania, LDI ni kwa ajili ya mji wangu.

Yule wa Dar nimemtumia picha. Ameuliza nimeagiza wapi.

Kinachofuata ni Nachingwea. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulitumia matrekta ya Shervick, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers. Nataka kujenga moja lililonusurika, limeshafika miaka ya 1970, limefungwa mtambo wa kupulizia mikorosho dawa. Nina kiwiliwili cha Sherman ya zamani ya 1 kwa 76, minyororo haipo. Mwenye boksi bovu lenye minyororo asilitupe, tuwasiliane.