Daal Si "Meethi": Nilivyojifunza Kusifia Chakula kwa Kihindi

Neno lililonichelewesha kuliko yote si la Kihindi, ni "tamu". Kwetu mchuzi ni mtamu, chai tamu, embe tamu, hata usingizi mtamu. Kihindi hakikubali. Meetha (au meethi, jina la chakula likiwa la kike) ni utamu wa sukari basi. Ukionja daal (mchuzi wa dengu) ukasema "daal meethi hai", aliyepika ataelewa kwamba kaitia sukari, na ukiwa Delhi au Lucknow hiyo ni lawama. (Gujarat ni habari nyingine, huko daal hutiwa sukari guru kwa makusudi.)

Kwa hiyo kabla ya kukariri kitu kingine niliigawa "tamu" mafungu mawili. Cha sukari: meetha. Kilichopikwa kikakubali: accha, mazedar, lazeez, swadisht. Haya manne hayafanani uzito. Accha ni "-zuri", halikosei popote. Mazedar limebeba maza, yaani raha, na ndilo neno la nyumbani. Wengi hutamka z kama j, majedar, usishtuke. Lazeez asili yake ni Kiarabu, mzizi mmoja na "ladha" yetu, ila dh imegeuka z. Linakaa vizuri kwenye kababu na biriani. Swadisht ni la Kisanskriti na ni sahihi kabisa, lakini mezani linasikika kama mtu anasoma taarifa ya habari. Vijana wa mjini husema tu "testi" (tasty ya Kiingereza), na hakuna anayewacheka.

"Kali" nayo niliipasua hivyo hivyo. Pilipili kali ni teekhi. Chai kali ni kadak, na ukiishi Oman au Dubai umeshainywa: ndiyo hiyo karak. Herufi ya katikati ni r inayopigwa kwa ulimi uliokunjwa, kwa hiyo wengine huiandika d, wengine r. Chumvi ikizidi husemwa namak tez hai, ikipungua namak kam hai. Vilivyobaki vina wenzao Kiswahili: khatta ni chachu, kadwa ni chungu, phika ni chapwa, na kasaila ni ule ukakasi wa bibo au ndizi mbichi. Chai isiyo na sukari pia ni phiki, na ukitaka sukari kidogo sema "cheeni kam". Cheeni ndiyo sukari. Haihusiani na chini ya meza.

Chatpata ndilo halina mwenzake. Ni chumvi, uchachu na pilipili vikipiga ulimi kwa pamoja, na utamu kidogo ukifuata nyuma. Nililielewa nilipoacha kulitafutia tafsiri nikalifunga kwenye embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili, au mhogo wa kuchoma uliokamuliwa ndimu. Hiyo ni chatpata. Pilau si chatpata hata ikitiwa viungo vingi namna gani, kwa sababu haina uchachu.

Nilianza na orodha ya maneno 40 na ikanishinda. Yalibaki kichwani yale tu niliyoyaandika pamoja na chakula chake: naram roti (chapati laini), kurkure pakode (bajia), khasta kachori (ya kwao ina ganda la unga wa ngano), garam-garam jalebi (ya kukaangwa na kuchovywa shira), kadak chai. Hiyo garam-garam ni "moto moto" yetu hasa, ila yao hutangulia jina la chakula. Kurkura ni ile sauti ya kaukau mdomoni. Khasta watu huichanganya nayo, na namna rahisi ya kuijua tofauti ni kuipika. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, sugulia vijiko vikubwa 4 vya samli kabla ya kutia maji, kisha finya unga kwenye ngumi: ukishikana kama donge, mafuta yametosha. Kaanga kwa moto mdogo. Mafuta yakiwa ya moto sana, ganda linatoa malengelenge, linaiva rangi nje na ndani linabaki bichi. Iliyofanikiwa haipasuki kwa kelele, inamumunyuka. Kumumunyuka huko ndiko khasta.

Sasa matamshi, ambako Mswahili ana mtego wake peke yake. Wahindi wakiandikiana kwa herufi za Kirumi hutumia kh, th, dh, gh na ph, nasi tunazisoma kwa mazoea ya kheri, thamani, dhahabu na ghali. Makosa. Khana (chakula) ni k yenye pumzi, thali (sahani) ni t yenye pumzi, dhaniya (giligilani) ni d yenye pumzi, na phika haina f ndani yake. Kipimo changu kilikuwa kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo, karibu kiasi cha upana wa vidole viwili. Ukisema kana, karatasi itulie; ukisema khana, ipepee. Mara 10 kila neno, asubuhi na jioni, na baada ya wiki mbili mdomo unajiendea wenyewe. Pumzi ikikosekana unakuwa umesema kana, maana yake chongo, na sifa yako ya "chakula kizuri sana" inakuwa ya mtu mwenye jicho moja. Mzaliwa wa Mombasa atanicheka hapa, maana anatofautisha paa mnyama na paa la nyumba kwa pumzi hiyo hiyo tangu utotoni. Zile ee za meetha na teekha ni i ndefu tu.

T ya meetha, khatta na chatpata inahitaji ulimi zaidi: ncha irudi nyuma ya ufizi, iguse kaakaa. T ya thali inagusa meno. Zisikilize moja baada ya nyingine, usizijifunze kwa wakati tofauti.

Jinsia ya majina haikunisumbua nilivyotarajia, kwani aliyekulia kwenye ngeli hashangai sifa kufuata jina. Accha khana, acchi daal, acche samose. Tatizo ni kujua lipi la kike. Kanuni ya kwamba a ni kiume na i ni kike inafaa kwa roti, sabzi (mboga), jalebi, halwa na samosa, halafu inakuangusha kwa dahi (mtindi), paani (maji) na ghee (samli), vyote vya kiume. Daal na chai ni vya kike na mwisho wake hausemi lolote. Ukisahau, kimbilia mazedar, lazeez au swadisht, hayabadiliki. Mimi niliyatumia kama mlango wa dharura kwa miezi.

Sentensi za kusifia ni chache. Ukitaka kusema umekipenda ulichokula sasa hivi, usianze na "mimi". Kihindi hujenga kama "kimenipendeza": mujhe daal pasand aayi, mujhe khana pasand aaya. Ukisema pasand hai unazungumzia mapenzi yako ya siku zote, na mpishi wa leo hajapata chake. Ya kulipuka mdomoni tonge la kwanza likipita ni "Waah, maza aa gaya!", raha imekuja. Haibadiliki jinsia, haina kosa. Usiitumie kabla ya kuonja. Nimeona watu wakiitamka sahani ikiwa bado inatua mezani. Kabla ya kuonja ni "munh mein paani aa gaya", mate yamejaa mdomoni.

Tahadhari moja ya kuagiza: chapati ya Delhi ni nyembamba, kavu, haina mafuta. Ile yetu yenye matabaka iko karibu na paratha, kwa hiyo omba hiyo.

Kukataa ni kazi kuliko kusifia. Bas ni "basi" yetu yenyewe, lakini mwenyeji huihesabu ya kwanza kuwa adabu tu na kijiko kinaendelea. Sema "bas, pet bhar gaya" (tumbo limejaa), na kiganja kiwe juu ya sahani kabla ya mwiko kufika. "Nahin chahiye" ni sahihi ila ni kavu mno kwa mama wa watu aliyesimama jikoni tangu asubuhi. Ukitaka nyongeza kweli: "thoda sa aur dijiye" (nipe kidogo tena). Hiyo dijiye ni ya heshima. "Do", yaani "nipe" isiyo na heshima hiyo, waachie rafiki zako.

Kwa muuza golgappa (vitufe vyembamba vya unga vilivyokaangwa na kujazwa maji ya viungo) barabarani lugha inalegea. Mwite bhaiya (kaka), mwambie "teekha kam" (pilipili kidogo) mapema, kwa sababu maji ya pilipili akishayachota hayarudi. Ukimaliza sahani, desturi inakupa kimoja kikavu bila malipo: "Bhaiya, ek sookhi dena." Ni sookhi, si sookha, kwa kuwa anachokupa ni papdi, kile kitufe kikavu kisicho na maji, na papdi ni ya kike.