Swichi ya Joto Iliyogoma Kulia Mbeya

Mjomba alikuwa na boti ya mbao yenye injini ya dizeli, ikipakia abiria na mchele kutoka Matema kwenda vijiji vya Ludewa, mwambao wa Ziwa Nyasa. Safari moja injini ikachemsha hadi gasketi ikaungua. Taa nyekundu iliwaka, lakini kwa jua lile nani angeiona? Akaapa boti haitoki tena bila king'ora. Tukapanda Coaster hadi Mbeya.

Mwanjelwa muuza spea alitutolea ving'ora vya kila namna. Kile kidogo mjomba alikikataa palepale: "Hiki cha kuamshia mtoto. Dizeli ikinguruma nitakisikia wapi?" Akachukua kile cha lori linaporudi nyuma. Kwa oili alitaka swichi ya kawaida, inayounganisha umeme presha ikishuka. Ukifungua ufunguo kabla ya kupiga stata, king'ora kinalia. Injini ikiwaka, kinanyamaza. Asubuhi kisipolia, ujue waya umekatika. Mpaka leo sijaona kipimo rahisi kuliko hicho.

Kazi ikawa swichi ya joto, imeandikwa 96, yaani iunganishe umeme maji yakifika nyuzi 96. Fundi akabandika sufuria kwenye jiko la mkaa, akaitumbukiza swichi, nyaya zikaenda kwenye betri na king'ora. Maji yakatokota mpaka yakamwagikia mkaa. Kimya.

"Mbovu hii, mzee." Akatia ya pili. Kimya pia. Muuzaji akaanza kuapa kwamba mzigo ni mpya.

Jirani, muuza dawa za mifugo, akatuazima kipimajoto cha maziwa. Kikapanda hadi karibu 94, kikagoma hapo. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku maji huchemka mapema, na hata ungemwaga gunia zima la mkaa hayapandi zaidi. Ziwani ni kama mita 475 tu, maji hufika 98.

"Kwa hiyo ni nzima?"

"Hatujui bado, mjomba."

Tukazichukua zote mbili, mbovu irudi. Jikoni Matema ya kwanza ikanyamaza vilevile. Ya pili ilipolia, mbuzi walikimbilia kwenye migomba.

Mjomba aliifunga kwenye kichwa cha injini. Ila maji ya kupozea yakiisha kabisa, swichi hubaki kwenye hewa na inaweza isilie. Kwa hiyo akaongeza nyingine kwenye mpira wa ekzosti, unaowahi kupata moto pampu ya maji ya ziwa ikikwama.

Ile mbovu niliirudisha Mwanjelwa. Fundi akasema subiri kwanza, akabandika sufuria.